Redio Zilizopigiana Filimbi Kilibula

Wapo watu hapa Uvira watakaokuambia kwamba fundi wa kwanza wa redio mtaani Kilibula alikuwa Thaddée, yule karani wa pamba. Usibishane nao, utachoka bure. Waulize tu kama walimwona hata siku moja ameshika lampe mkononi, zile taa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Watakuna kichwa. Fundi alikuwa mke wake, Domitille, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Spès kwa jina la binti yake wa kwanza, na aliendelea kufungua na kufunga redio mpaka macho yalipomkatalia uzeeni. Mimi napenda kila mtu apewe chake, hata kwa kuchelewa.

Domitille alizaliwa palepale Kilibula, kwa watu wa ziwa. Baba yake alivua ndagala, dagaa wa ziwani, mama yake alizianika na kuziuza, na yeye mwenyewe alifundishwa kushona na masista wa misheni. Alipoolewa na Thaddée, Mfuliiru wa Runingu kule bondeni Ruzizi, alikuja na cherehani yake na mdomo wake. Thaddée alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati, na alipenda sana kusalimiwa. Hilo la kupenda kusalimiwa likumbuke, maana ndilo lililotuletea maneno yote haya.

Mwezi wa saba wa mwaka 1960, uhuru ukiwa bado mbichi, Wazungu wa bonde la Ruzizi walikuwa wanavuka kwenda Usumbura, Bujumbura ya leo, na virago vyao. Bwana shamba mmoja aliyefanya kazi na Thaddée alikuta gari limejaa. Akashusha redio yake, kubwa kama kreti ya bia, akamwachia Thaddée pamoja na batri ya gari ya kuiwasha. Thaddée aliisukuma kwenye baiskeli toka Runingu mpaka Uvira, na kila aliyemsalimia njiani alijibiwa kwa kirefu.

Wiki tatu nyumba yao ilikuwa kama kanisa siku ya Pasaka. Watu walikaa mpaka nje ya lupango, ua wa nyumba, kusikiliza habari za Léopoldville, za Katanga iliyojitenga, za askari walioasi. Thaddée ndiye aliyezungusha kitufe, na mwingine asiguse. Kisha siku moja saa ya habari redio ikakoroma mara mbili, ikanyamaza.

Ilinyamaza miezi miwili. Fundi mmoja alijulikana Usumbura, lakini kuvuka mpaka siku hizo kulikuwa na maswali mengi. Pierre, ndugu wa Thaddée, akatoa shauri lake: redio imeingiwa na unyevu wa ziwa, ianikwe. Basi watu wazima wenye akili zao wakaibeba redio mpaka pwani, wakaiweka mchangani katikati ya ndagala, wakaiacha ikaukie jua la saa sita. Jioni ilirudi nyumbani na harufu ya samaki. Nta iliyokuwa ndani imeyeyuka na kuchuruzika chini, na usiku paka akaja akachana kitambaa cha mbele akitafuta ndagala. Ndivyo tulivyoanza utaalamu wa umeme Kilibula, na asiyetaka kucheka asicheke.

Domitille hakucheka. Alikasirika. Kilichomkera si redio kufa, ni wanaume wanne kuizunguka kila jioni wakitoa sababu, na hakuna hata mmoja aliyeifungua. Alisema kwao washonaji nguo ikiletwa imechanika, kwanza unaitandaza uone imechanikia wapi, ndipo unachukua sindano. Asubuhi Thaddée alipokwenda kazini, akaifungua kwa kisu cha jikoni.

Alichokiona ndani kilimtisha. Waya juu ya waya, vidude vya rangi rangi, vumbi, na michirizi ya ile nta iliyoyeyuka. Mtu mwingine angefunga akaenda zake sokoni. Yeye alikata nyuzi za kushonea za rangi tofauti, na kila alipotaka kutoa kitu, alikifunga uzi, na mahali kilipotoka akapafunga uzi wa rangi hiyohiyo. Hata angechanganyikiwa vipi, nyuzi zingemrudisha. Kwa muda wa wiki nzima hakutengeneza kitu. Alitazama tu, akachora kwa mkaa ukutani nyuma ya mlango, akafuata kila waya kwa kidole kuanzia unakotoka mpaka unakoishia.

Siku aliyounga batri, aligusa lampe moja moja kwa mgongo wa kidole, kama mama anavyogusa shavu la mtoto mwenye homa. Nne zilikuwa na moto. Ya tano ilikuwa baridi. Akaitoa, akaitazama kwenye mwanga, akaona kile kiuzi cha ndani kimekatika.

Lampe nyingine alitoa wapi? Jamani, redio zilikuwa zimejaa mitaani. Nyumba za Wazungu zilikuwa zimevunjwa, na mizoga ya redio ilikuwa inachezewa na watoto. Mtu alikuwa anakalia moja huko mtaa wa Rugenge badala ya kiti. Domitille alimshonea blauzi mke wa mtu huyo, akapewa kiti chenyewe. Ndani yake kulikuwa na lampe ya namna ileile. Akaipachika, akasubiri ipate moto. Redio ikazungumza, sauti ya chini, yenye kukwaruza, lakini ilizungumza. Alipiga kigelegele peke yake chumbani, kisha akaona haya, akarudi kwenye cherehani.

Usidhani kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Aliharibu nyingi. Kile kitufe cha sauti kilipokwaruza, akakipaka mawese, maana kwetu kitu kikigoma hupakwa mawese, iwe ni bawaba au goti la bibi. Siku mbili kilikuwa laini kabisa. Siku ya tatu siafu walikuwa wamejipanga kutoka mlangoni mpaka ndani ya redio, na mafuta yameshika vumbi, kitufe hakigeuki tena. Ilimbidi akioshe kwa petroli na unyoya wa kuku. Na umeme ulimpiga. Batri ile ya gari ilikuwa mpole ukiigusa, lakini redio ilikuwa na kijisanduku ndani cha kuukuza ule umeme, na hapo paliuma kweli. Mara ya kwanza ulimrusha mpaka kwenye masufuria. Baada ya hapo alijiwekea sheria: redio ikiwashwa, mkono wa kushoto aliufunga nyuma kwenye kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni, akafanya kazi kwa mkono mmoja tu, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amekaa chini kati ya masufuria, akafikiri kwa nini ulimkamata vile, akapata jibu.

Mwisho akapata njia yake ya kutafuta ugonjwa, na hiyo ndiyo inayonifanya nimvulie kofia mpaka leo. Alikuwa anaanzia mdomoni. Anachukua pile, ile batri ndogo ya tochi, anaigusisha kwenye waya za spika. Ikisema kwa!, mdomo ni mzima. Halafu anarudi nyuma hatua moja, anagusa kwa sindano ya kushonea, anasikiliza. Ikikwaruza, hapo ni pazima. Anarudi nyuma tena. Hivyo hivyo kutoka mdomoni kuelekea kwenye sikio, yaani kule waya wa nje unakoingilia. Pale mkwaruzo unaponyamaza, ugonjwa uko hapo, hauna pa kukimbilia. Kitu kimoja tu kinabadilishwa kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na redio ikapona, alikuwa anasema, hukujifunza kitu, umebahatisha tu. Kuunganisha waya alitumia msumari mnene uliopashwa moto kwenye mbabula, jiko la makaa, na risasi ya kuungia aliyokwangua kwenye redio zilizokufa.

Kuna jambo moja zaidi aligundua, akiwa na redio mbili mezani. Redio ikiwa inasikiliza, mshale wake ukiwa kwenye namba fulani, ndani yake kuna lampe inayopiga mlio mdogo wa siri, na redio ya jirani, mshale wake ukiwa juu kidogo ya hapo, inausikia kama filimbi. Domitille hakujua jina la jambo hilo. Aliliita kupumua. Basi ikija redio bubu kabisa, aliiweka kando ya nzima na kuizungusha. Ile nzima ikipiga filimbi, alijua bubu bado anapumua, moyo uko salama, shida iko mbele. Isipopiga, ugonjwa uko moyoni.

Sasa tuje kwa bwana Thaddée. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu Mathieu. Alisikia redio ya Thaddée imefufuka, akaja na ya kwake kwapani, akabisha hodi, akasema anamtafuta fundi. Thaddée alikuwa amekaa mlangoni na kalamu zake mbili. Alifungua kinywa aseme ukweli, nami naamini alitaka kuusema, lakini Mathieu alikuwa ameshamwita Fundi Thaddée, na jina lilikuwa tamu. Akaipokea redio, akasema rudi Jumamosi.

Miaka minne ikaenda hivyo. Domitille chumba cha ndani na sindano yake, Thaddée mlangoni akieleza wateja habari za lampe kwa maneno aliyoyasikia kwa mkewe jana yake. Watu walimvulia kofia. Paroko alimtaja kanisani. Domitille mwenyewe alikubali, akijiambia kwamba wanaume wasingeacha redio zao kwa mwanamke, na kwamba kazi ni kazi. Lakini ilimuuma. Siku moja Thaddée alipokuwa anamweleza Donatien, dereva wa lori aliyewajazia batri, jinsi gani yeye Thaddée alikaa wiki nzima akifuata waya kwa kidole, Domitille alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Mwezi wa tano 1964 uasi ukaingia Uvira. Wapiganaji walishuka na majani vichwani na dawa mwilini, na jeshi la serikali likakimbia. Sitaki kusimulia yote. Waliokuwapo wanajua, na wasiokuwapo washukuru. Ninachotaka ujue ni hili: dawa yao ilikuwa na miiko, na mmoja wa miiko hiyo ni kutoguswa na mwanamke wala kugusa kitu kilichotoka mkononi mwake muda uleule. Akikugusa tu, yale maji ya dawa yanaisha nguvu na risasi inaingia. Waliamini hivyo, na aliyecheza nao kwa jambo hilo aliona cha moto.

Komanda mmoja, Protais, kijana wa miaka ishirini na minne hivi, alifikia nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, ng'ambo ya barabara kutoka kwa Thaddée. Humo alikuta redio kubwa yenye waya mrefu juu ya bati, na kila siku saa kumi alikaa barazani kusikiliza habari za vita. Na kila siku saa kumi, habari zikianza, redio ikapiga filimbi. Filimbi ikapanda, ikashuka, ikaacha, ikaanza tena. Kwa Domitille saa kumi ilikuwa saa ya kazi. Chakula kimeliwa, nyumba imetulia, yeye na mizoga yake ya redio, kitufe kinazungushwa huku na huku, na waya wake umepita juu ya uzio. Hakufikiri hata kidogo juu ya jirani.

Wapiganaji wakafikiri. Mmoja aliyewahi kufanya kazi karibu na phonie, ile redio ya jeshi ya kupeleka ujumbe, alisema hiyo ni alama, kuna mtu anatuma habari kwa adui. Wakangoja siku tatu. Ya nne, filimbi ilipoacha tu, wakaingia nyumba kwa nyumba, na kwa Thaddée wakakuta redio kumi na nne, waya, batri ya gari, na michoro ya mkaa ukutani nyuma ya mlango. Domitille alikuwa ameacha kazi kidogo, ameenda kisimani kuteka maji. Waliuliza nani mwenye vitu hivi. Spès, binti wa miaka kumi na mitatu, aliona baba yake akitazama cherehani, akitazama michoro, kisha akasimama na kunyoosha shati lake.

“Minye njo fundi,” akasema, akijionyesha kifuani. “Hapa nyumbani hakuna mwingine.”

Wakamfunga kamba, wakambeba pamoja na redio zote.

Domitille aliporudi na ndoo kichwani, Spès alimsimulia. Shtaka la kupeleleza wakati ule lilikuwa na adhabu moja, na mtaa mzima uliijua. Walisema atahukumiwa kesho, Protais akimaliza habari zake. Majirani walikuja kumshika mkono Domitille kama mtu aliyekwisha fiwa. Mwalimu Mathieu alimshauri akimbilie Runingu kwa wakwe, amwokoe angalau mtoto. Domitille alimtuma Spès kwa wakwe pamoja na Pierre. Yeye alibaki, akakaa kitandani akijihesabia makosa: filimbi ile ni yake, mikono ile ni yake, na kamba iko mikononi mwa mwingine.

Kesho yake, kabla ya saa kumi, alivuka barabara. Getini kijana mwenye mkuki akamwambia asimame hapohapo, mwanamke hapiti. Domitille akasema hatapita, lakini sauti yake itapita. Akaita kwa nguvu, akasema yeye ndiye mwenye zile redio na Komanda asimuue mtu bure.

Protais alitoka barazani. Uani redio kumi na nne zilikuwa zimerundikwa, na Thaddée alikuwa amekaa chini kando ya rundo, mikono nyuma, jicho moja limevimba, kalamu zimepotea. Alipomwona mkewe getini, uso wake ukabadilika.

“Mukubwa, musimusikilize huyu,” akasema haraka. “Iko mwanamke wa kushona nguo tu. Hajui kitu.”

Miaka kumi na tano ya ndoa hakuwahi kumtamkia neno la kumshusha vile. Kwa muda mfupi lilimchoma Domitille pale pale aliposimama. Kisha akaona macho ya Thaddée, yanamsihi aondoke, na akaelewa anachokifanya. Hasira na mapenzi vilimjia kwa pamoja, akakosa hata pa kuvitenganisha.

Akamwambia Komanda ajaribu mwenyewe. Katika redio zile kumi na nne, amwulize mfungwa ipi nzima, na zile mbovu zinaumwa wapi. Protais akauliza. Thaddée alitazama rundo, akaonyesha moja kwa kidevu, akasema ile lampe imekufa. Domitille akasema kutoka getini kwamba hiyo haina lampe hata moja, alizitoa zote mwezi uliopita, wafungue kifuniko waone. Wakafungua. Ilikuwa tupu kama mtungi.

“Basi njo weye mpelelezi,” Protais akasema taratibu.

Hapo ndipo roho yake ilipokuwa inaning'inia, na alijua. Akaomba kitu kimoja. Wapiganaji wote wasogee nyuma hatua nane ili asimharibie mtu dawa. Aachiwe redio ile yenye uzi mwekundu, batri na kigoda. Na Komanda akae barazani na redio yake mwenyewe, aizungushe kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamke hataigusa hata kwa kivuli. Protais alisita. Nadhani ni udadisi uliomshinda, maana alikuwa kijana. Akakubali.

Domitille akafunga mkono wa kushoto kwenye kikwembe. Habari zilikuwa zinaanza barazani. Akawasha redio yake, akaingoja ipate moto, akazungusha kitufe polepole. Redio ya Protais ikapiga filimbi, ikapanda, ikashuka, kila Domitille anapogeuza.

Wapiganaji wakaguna. Yule wa phonie akasema shahidi gani mwingine anatakiwa. Mkuki ukainuliwa. Thaddée akafumba macho.

Domitille hakugeuka. Aliisogeza redio yake mpaka kwenye habari zilezile alizokuwa anasikiliza Komanda, sauti ikasikika uani kote. Kisha akamwambia Protais ashushe mshale wa redio yake kuelekea chini, taratibu, asikimbilie. Protais akageuza. Hakuna. Akamwambia bado, ashuke tena. Mkono wa kijana yule ulisogea kidogo, na ghafla redio ya Domitille, palepale kwenye kigoda, ikapiga filimbi.

Kila mmoja aliona ni mkono wa nani uliokuwa kwenye kitufe. Domitille naye akaona alichokifanya: kama filimbi ni usaliti, amemfanya komanda wao msaliti mbele ya watu wake. Akasema haraka, kabla mtu mwingine hajasema:

“Redio haitumake kitu, Mukubwa. Iko inasikia tu. Ila inapumua, sawa vile muntu anapumua akisikiliza. Yangu inapumua, yako inapumua. Ukiwa karibu, utasikia.”

Protais aligeuza kitufe mbele kidogo, filimbi ikapanda. Akarudisha, ikashuka. Akafanya tena, na tena, na uso wake ule wa vita ukaanza kulegea, akawa anatafuta noti za wimbo fulani kwa kidole chake, na karibu azipate. Akakumbuka kwamba wanamtazama. Akazima.

“Nani alikufundisha?”

“Hakuna. Ilikufa, nikaifungua.”

Protais alimtazama huyo mwanamke wa kushona nguo aliyefunga mkono mmoja nyuma kana kwamba naye ni mfungwa. Kisha akawaambia wamfungue Thaddée. Redio nane akazibakiza, sijui za nini, hakuna aliyethubutu kuuliza. Akaweka na amri: Mama Spès afanye kazi yake asubuhi. Saa kumi, saa ya habari, asiguse kitu. Na kabla hawajatoka akamwuliza Thaddée kwa nini alisema yeye ndiye fundi. Thaddée alitazama chini.

Walivuka barabara. Ni hatua thelathini tu, lakini Thaddée alikuwa anachechemea na Domitille alikuwa na redio moja kichwani, nyingine zikibaki kufuatwa kesho, basi zilichukua muda. Watu walikuwa wametoka kwenye nyua zao wanawatazama. Katikati ya barabara hasira ya Domitille ikafumka. Alisimama akamgombeza mbele ya wote, akamwuliza ni akili gani hiyo, kwenda kufa kwa kazi ambayo hakuifanya, kwa redio ambazo hata kuzifungua hajui, amwache na mtoto kwa sababu gani.

Thaddée alimsikiliza mpaka akamaliza. Macho yake, lile zima na lile lililovimba, yalikuwa yamejaa machozi.

“Sifa nilikula minye, miaka mine,” akasema. “Fimbo nayo niliona nikule minye.”

Domitille alishusha redio, akaiweka chini vumbini. Akakaa juu yake, mbele ya Kilibula nzima, akalia kwa sauti, na Thaddée akabaki amesimama kando yake akiwaambia watu, mmoja mmoja na bila kuulizwa, kwamba huyu ndiye fundi.